Ananyanyua vyuma kila siku, mbona anazidi kudhoofu?

Barua iliyotushughulisha zaidi wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Baada ya salamu na dua, anatueleza kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, alimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, na tangu hapo ameshikamana na mazoezi ya kunyanyua vyuma. Mwanzoni mama alifurahi, nasi tungekuwa yeye tungefurahi vilevile: kijana ana shughuli, vijiweni haonekani, kifua kinapanuka na mashati ya mwaka jana hayamwenei. Kisha anaendelea hivi:

"Sasa ni miezi mitano na mambo yamegeuka. Usiku hapati usingizi, na kumwamsha kwa sala ya Alfajiri ni kama kuamsha gogo. Chakula anakichokoachokoa tu. Mdogo wake akimgusa, ugomvi. Mafua hayamtoki. Wiki iliyopita nimemkuta anasali juu ya kiti kama mzee, magoti hayakunjiki. Nikimwambia apumzike, hunijibu kwamba nguvu zinampungua kwa sababu hajitumi vya kutosha, na kesho yake huongeza. Jirani ameniambia kijana amepatwa na jicho, na tayari amesomewa. Ndugu zangu, niviuze hivi vyuma vilivyoko uani?"

Kwa idhini ya mama tulizungumza na kijana mwenyewe kwa simu. Ni kijana mwenye adabu na mwenye ari, na tena ana daftari ambamo huandika kila anachokifanya, jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi. Alitusomea. Hufanya mazoezi siku sita kwa wiki, mara mbili kwa siku: baada ya Alfajiri uani kwao, kwa bomba la chuma lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji, na baada ya Alasiri katika jimu ya mtaani. Siku ya saba hukimbia ufukweni. Katika mwezi wa tatu alikuwa akilala chali kwenye benchi na kusukuma kilo 80 mara tano. Sasa kilo 70 humshinda katika mara ya tatu, na bega la kulia linamuuma. Ugali na wali ameviacha ili tumbo ligawanyike vipande. Usiku hulala saa sita kasorobo baada ya kutazama video za wanyanyuaji, na saa 11 alfajiri yuko macho. Hapo tayari tulikuwa na jibu, lakini tukamwuliza swali moja zaidi: ni lini mara ya mwisho alipumzika siku mbili mfululizo? Akafikiri kwa muda, kisha akasema ni Idi ya kuchinja.

Hatuikatazi dua, na mama amefanya vyema kumwombea mwanawe. Lakini ukihesabu saa za usingizi na siku za mapumziko katika daftari lile, sababu inaonekana bila kutafutwa kwenye jicho la jirani.

Vijana wengi huamini kwamba misuli hukua pale inapobeba uzito. Sivyo. Pale inapobeba uzito misuli huchoka, nyuzi zake hupata majeraha madogo madogo, na akiba yake ya nishati hupungua. Kukua hufanyika baadaye, mtu akiwa amekula na amelala. Kwa muda wa saa 24 hadi 48 baada ya zoezi zito, mwili huwa katika shughuli ya kukarabati misuli ile na kuiimarisha kwa protini itokayo kwenye chakula. Mwenye kuirudia misuli ileile kabla shughuli hiyo haijakamilika ni kama fundi anayepandisha kuta za ghorofa ya pili ilhali zege ya chini bado mbichi. Ukuta wa kwanza utasimama, labda na wa pili.

Elimu hii ina historia ndefu. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha katika jarida la Nature maelezo mafupi kuhusu namna mwili unavyoipokea shida ya aina yoyote ile. Alieleza kwamba kwanza mwili hushtuka, kisha hujizatiti ukastahimili, na shida ikiendelea bila kukoma, huishiwa. Selye alikuwa akiwachunguza panya, wala hakuwa na habari ya vyuma. Ni makocha wa miaka iliyofuata walioliona somo lao humo. Mazoezi ni shida iliyopimwa. Ikipimwa vizuri, mwili hujizatiti, isipopimwa, huishiwa.

Mwaka 2013 taasisi mbili kubwa za elimu ya michezo, moja ya Ulaya na nyingine ya Marekani, zilitoa tamko la pamoja lililozigawa hali hizi katika daraja tatu. Ya kwanza ni uchovu wa makusudi, ambao mwanamichezo hujitwisha kwa siku chache, kisha akapumzika na kurudi akiwa na nguvu zaidi. Hauna ubaya. Ya pili ni pale nguvu zinaposhuka na kukaa chini kwa wiki kadhaa, hata miezi, bila faida yoyote mwishoni. Ya tatu ndiyo maradhi kamili ya mazoezi yaliyopita kiasi, ambayo huweza kumweka mtu nje kwa miezi mingi. Linalotisha katika mgawanyo huu ni kwamba mwenye kuumwa hawezi kujua yuko daraja lipi wakati bado anaumwa. Hujulikana baadaye, kwa kuhesabu muda aliouchukua kupona. Wala hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kulithibitisha jambo hili.

Basi mzazi atazame nini? Dalili iliyo mama wa dalili zote ni hii: nguvu zinashuka ilhali mazoezi hayajapungua. Maumivu ya misuli peke yake si hoja, kwani aliyefanya zoezi jipya huumwa, na maumivu hayo hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu kisha yakaondoka. Yasiyoondoka, au yanayohama kutoka kwenye nyama ya misuli kwenda kwenye viungo na kano, hayo ndiyo ya kuuliza. Usingizi nao hugeuka kinyume cha matarajio: mtu amechoka hoi, lakini akilala macho makavu. Hamu ya chakula hupungua. Mafua na vidonda vya koo hurudi rudi. Hasira huwa karibu, na furaha ya mazoezi yenyewe hutoweka, ikabaki hofu ya kuyakosa. Nyumbani, aghalabu mdogo wake ndiye wa kwanza kujua, kabla ya kocha na kabla ya mama.

Kuna kipimo kidogo asichohitaji mtu kukinunua. Kijana akiamka, kabla hajainuka kitandani, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kisha ayaandike. Baada ya wiki mbili za hali ya kawaida ataijua idadi yake. Siku akiona yamepanda kwa mapigo kama kumi juu ya kawaida yake, na yakabaki hivyo siku mbili tatu, ajiulize kuhusu usingizi, homa na mazoezi ya juzi. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, lakini kikiambatana na daftari la vyuma husema mengi.

Ndugu wazazi, kabla ya kumhukumu kijana kwamba amezidisha mazoezi, mpelekeni hospitali. Madaktari wenyewe hawalitaji jina la maradhi haya mpaka wameyaondoa mengine yanayofanana nayo, nayo ni mengi, na katika mazingira yetu si ya kupuuzwa: malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, kasoro ya tezi ya shingo, na sonona. Kijana anayepungua uzito, asiye na hamu ya kula na asiyepona mafua, apimwe kwanza. Mama huyu tumemwomba afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Katika mazungumzo yetu kijana alituletea hoja ambayo tunaamini wengine pia wanayo. Alisema Wabulgaria walinyanyua mara kadhaa kwa siku, kila siku, na wakawa mabingwa wa dunia. Ni kweli. Kocha Ivan Abadzhiev, aliyeiongoza timu ya Bulgaria tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwafundisha vijana wake kuukaribia uzito wa juu kabisa takriban kila siku, tena zaidi ya mara moja. Katika mikono hiyo alilelewa Naim Süleymanoğlu, mtoto wa jamii ya Waturuki Waislamu wa Bulgaria, aliyekuwa na urefu wa sentimita 147 tu. Serikali ya wakati ule iliwalazimisha watu wake waache majina yao, naye akaitwa Naum Shalamanov. Mwaka 1986, timu ikiwa mjini Melbourne, alitoroka na kuhamia Uturuki, na miaka miwili baadaye katika Olimpiki ya Seoul, akishindana kwenye daraja la kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa chake. Alitwaa dhahabu tena Barcelona mwaka 1992 na Atlanta mwaka 1996. Hatumlaumu kijana yeyote kwa kumtamani mtu kama huyo.

Lakini tumwulize kijana wetu yale ambayo video hazionyeshi. Vijana wale walichujwa kutoka katika wengi tangu utotoni, na kazi yao ilikuwa hiyo moja. Walilishwa na dola, walilala mchana kati ya zoezi na zoezi, na daktari alikuwa jirani. Waliovunjika njiani majina yao hatuyajui, kwa kuwa hakuna anayewapiga picha walioshindwa. Tena Seoul hiyohiyo wanyanyuaji wawili wa Bulgaria walinyang'anywa medali za dhahabu kwa kukutwa na dawa iliyopigwa marufuku, na timu yao ikajiondoa mashindanoni. Mwaka 2000 huko Sydney yakatokea tena. Anayeiga ratiba ya watu hao kwa chai na maandazi mawili, na kwa usingizi usiofika saa sita, ameiga kitu kimoja akaacha kumi.

Suala la chakula tutalirefusha kidogo, kwa sababu tunaona nusu ya maradhi ya kijana huyu iko kwenye sahani. Dalili za kupitiliza mazoezi na dalili za kula pungufu ya mahitaji zinafanana mno, hata wataalamu hupata tabu kuzitenganisha. Wanga ndio nishati ya mwenye kunyanyua. Anayeuacha ugali, wali, viazi na ndizi huku akiongeza mazoezi anaichoma nyumba ili apate mkaa. Kuhusu protini, tafiti nyingi zinakadiria kwamba gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku zinamtosha anayejenga misuli. Kijana wa kilo 65 anahitaji basi kiasi cha gramu 104. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva vina karibu gramu 30, mayai matatu yana karibu 18, na kilichobaki kitapatikana kwa samaki, dagaa, maziwa, na hata kwenye ugali na wali wenyewe. Unga wa makopo ya bei ghali si lazima. Ama vidonge na sindano zinazouzwa kwa kunong'onezana kwenye baadhi ya jimu, hizo ni mlango mwingine kabisa. Homoni za kujenga mwili zikitumiwa kiholela hudhuru moyo na ini, hudumaza korodani, na huweza kumnyima kijana uzazi. Mzazi akiona miraba minne imechomoza ndani ya wiki chache, aulize kwa upole, lakini aulize.

Hapa tuna onyo ambalo tunaomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake, hasa kwa mtu mgeni wa mazoezi, au aliyerudi baada ya kuacha muda mrefu, au anayenyanyua kwenye joto bila maji, nyuzi zake huweza kuvunjika kwa wingi na uchafu wake ukaingia kwenye damu. Dalili zake hujitokeza ndani ya siku moja hadi tatu: maumivu makali yasiyo ya kawaida, misuli iliyovimba na kukaza, mikono isiyofika hata kichwani, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Uchafu huo huziba na kuziumiza figo. Mkojo wa rangi hiyo si wa kusubiri kesho. Ni wa kwenda hospitali saa hiyohiyo, na kumweleza daktari kwamba mgonjwa alinyanyua vyuma, ili apimwe damu na kuwekewa dripu mapema. Wenye kurithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ingawa hawaumwi, wako katika hatari zaidi, nao wasijilazimishe juani. Na hapa ndipo tunapowakemea wanaomeza diklofenaki kila asubuhi ili bega linyamaze na zoezi liendelee. Dawa hiyo huumiza tumbo, na kwa mwili uliokaukiwa maji huumiza figo hizohizo. Kijana wetu alikiri kwamba amekuwa akiimeza kwa wiki mbili. Tulimwomba aache, na hilo pia amwambie daktari.

Sasa tiba. Kama vipimo vya hospitali havikuonyesha ugonjwa mwingine, wiki mbili za kwanza asishike chuma kabisa. Atembee, asali, amsaidie mama sokoni, ale. Usiku alale saa tatu na nusu, simu ikiwa chumba kingine; hadi saa 11 alfajiri atakuwa na saa saba na nusu, na akipata kailula ya nusu saa baada ya Adhuhuri, ametimiza nane. Wiki ya tatu, iwapo usingizi na hamu ya kula vimerudi, aanze na siku mbili kwa nusu ya uzito aliouzoea, akiacha kila zoezi wakati bado ana nguvu ya kurudia mara tatu nne. Nguvu zikirejea aende siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kwa mfano, mwili mzima kila siku, wala asizidishe hapo kwa miezi kadhaa. Kila baada ya wiki tano au sita, iwepo wiki moja ya kupunguza mzigo kwa nusu, hata kama anajiona simba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mbili, ndugu zangu, si kumi na mbili. Magoti na bega yasipopoa katika muda huo, atazamwe na mtaalamu wa viungo, na mpaka hapo kusali juu ya kiti hakuna aibu.

Ramadhani ikifika atakuwa amepona, inshaallah, na mpango huohuo utamfaa kwa kuupunguza kidogo: siku mbili au tatu, muda mfupi kabla ya futari au baada ya Tarawehe, bila kutafuta uzito mpya na bila jua la mchana. Nguvu haziyeyuki kwa mwezi mmoja wa mzigo mwepesi.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya maneno. Kijana huyu anaamini kupumzika ni uvivu, na imani hiyo haiondolewi kwa kufoka. Tulimkumbusha kisa cha sahaba Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, naye Mtume (s.a.w.) akamzuia na kumfahamisha kwamba mwili na macho vina haki zao kwake. Abdullah aliomba aruhusiwe zaidi, tena na tena. Alipozeeka alitamani laiti angelipokea ule wepesi aliopewa mwanzo. Yule alikuwa katika ibada; sisi tuko kwenye vyuma. Kijana alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza iwapo wiki mbili zile zinahesabiwa kuanzia leo au kesho.

Mama yetu, vyuma usiviuze. Vilimtoa mwanao kijiweni, na akiviona vimeuzwa atakwenda kunyanyua mahali usipopajua. Vifunike turubai, na ufunguo wa kufuli la jimu, kama anao, abaki nao mwenyewe. Ila yale makopo mawili ya saruji, yeye mwenyewe ametuambia yalijazwa kwa kukadiria kwa macho, na lile la kulia anahisi ni zito zaidi. Bega linalouma ni hilohilo la kulia. Wiki hizi mbili za mapumziko ayapeleke yakapimwe kwenye mizani ya dukani, na lililozidi alichonge mpaka yalingane.